IPv6 kwenye laini ya simu: kuiwasha, kuipima na kuandaa mitambo yako

Mteja wangu mmoja ni mzee wa dagaa, ghala lake liko Kibirizi, Kigoma, hatua chache kutoka mwaloni. Nilimfungia kamera nne na ruta ya laini, akaziona kwenye simu yake akiwa amesimama palepale ghalani, akanilipa, akapanda basi kupeleka mzigo Dar es Salaam. Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Fundi, ghala silioni. Kioo cheusi."

"Shikamoo mzee. Nipe mpaka jioni."

Jioni ikawa siku mbili. Nilifungua milango yote ya mtandao (port) kwenye ruta, nikabadilisha namba zake, nikazima nikawasha, nikafikia kulaumu nyaya nilizozikaza kwa mkono wangu. Siku ya pili ndipo nilipofungua ukurasa wa hali ya ruta nikasoma anwani iliyotolewa na mtandao wa simu: ilianza na 100.72. Nikaiuliza Google anwani yangu ya IP kupitia laini hiyohiyo, nikaonyeshwa nyingine kabisa, inaanza na 102. Siku mbili nzima nilikuwa nagonga mlango wa nyumba isiyo ya mzee.

Nimeandika mwongozo huu wa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaokuja baada ya ule wa zamani uitwao IPv4, ili usipoteze siku mbili kama zangu. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, hatua ya 2 mpaka ya 4 zinakutosha. Fundi na mtengenezaji wa programu wasome mpaka chini.

Hatua ya 1: Jua kwa nini laini yako haina anwani yake

Wengi wetu tumekua na S.L.P. ya shule. Barua inaandikwa jina lako, kisha "kwa mkono wa mwalimu mkuu", sanduku moja kijiji kizima. Ukianza wewe kuandika, jibu likirudi mwalimu anajua la nani. Mgeni akiandika S.L.P. peke yake bila jina, barua inalala ofisini mpaka inageuka rangi.

Laini ya IPv4 iko hivyohivyo. Mtandao una anwani chache za hadharani, na kila moja inabeba wateja wengi kwa pamoja. Simu yako inapewa anwani ya ndani, ama inayoanza na 10, ama iliyo kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Mtambo wa katikati ndio mwalimu mkuu: una daftari la nani ametuma nini, na jibu linarudi kwa kufuata daftari. Kamera ya mzee haikuwa imemwandikia mtu yeyote. Simu yake ndiyo iliyobisha hodi kutoka Dar, daftarini hakuna mstari wake, ikaachwa nje.

Chanzo ni uhaba. IPv4 ilisanifiwa mwaka 1981 ikiwa na biti 32, yaani anwani 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu duniani. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kanda tarehe 3 Februari 2011. Kanda yetu ya Afrika, ambayo anwani zake hugawiwa na AFRINIC yenye makao Mauritius, ilikawia kuishiwa kuliko nyingine, lakini tangu Januari 2020 nayo inapima kwa kibaba: anayeomba hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya laini itazifanyia nini anwani 1,024?

IPv6 ina biti 128. Idadi yake ni kama 340 ikifuatiwa na sifuri 36, namba ambayo haimsaidii mtu kuelewa chochote, kwa hiyo tuiseme hivi: laini moja, hata ya mtu anayeweka vocha ya mia tano, inapewa fungu liitwalo /64, na ndani ya fungu hilo IPv4 nzima inaingia zaidi ya mara bilioni nne. Mwaka 2022 tulibandikiwa vibao vya namba za nyumba kabla ya sensa. IPv6 ni vile vibao, kila mlango na chake.

Kuna kero nyingine ya anwani ya pamoja ambayo watu hawaijui. Kijana mmoja alikuja dukani kwangu Mwanga kujaza maombi ya chuo, siku ya mwisho, saa kumi jioni. Tovuti ikamjibu kwamba maombi yamezidi kutoka anwani hiyo, ajaribu baadaye. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameifungua. Alikuwa analipia pilikapilika za watu asiowajua waliokuwa nyuma ya anwani moja naye. Tulihamia laini ya mtandao mwingine, akamaliza saa moja usiku.

Hatua ya 2: Angalia ulichonacho

Zima Wi-Fi kwanza. Wengi hupima Wi-Fi ya ofisini wakidhani wanapima laini. Kisha fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta anwani ya IP. Kwenye baadhi ya simu iko ndani ya Hali. Soma hivi:

Ukiona anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, peke yake, uko kwenye S.L.P. ya shule.

Ukiona pia anwani ndefu yenye alama za nukta mbili (:) katikati na inaanza na tarakimu 2, una IPv6 tayari. Zilizotolewa na AFRINIC nyingi huanza na 2c0.

Ukiona fe80 tu, usishangilie. Anwani hiyo kila kifaa hujitengenezea chenyewe, na haivuki kizingiti cha mlango.

Ukiona 192.0.0.4 pamoja na ile ndefu, mtandao wako unatoa IPv6 tupu na simu yako imeweka mkalimani ndani. Nitamrudia huyu mkalimani kwenye hatua ya 8.

Kuhusu uandishi: anwani kamili ina makundi manane ya tarakimu nne, mchanganyiko wa 0 hadi 9 na a hadi f. Sifuri za mbele ya kundi huachwa, na mfululizo mmoja wa makundi ya sifuri hufupishwa kwa nukta mbili maradufu. Hivyo 2001:0db8:0000:0000:0000:0000:0000:0025 inaandikwa 2001:db8::25. Ufupisho wa :: hutumika mara moja tu kwenye anwani, la sivyo haijulikani ni sifuri ngapi zimekwenda wapi.

Hatua ya 3: Badili itifaki ya APN

APN ni mpangilio wa lango ambalo laini yako hupitia kwenda intaneti. Kabla hujagusa kitu, ipige picha APN iliyopo. Nasisitiza kwa sababu nimeshaletewa simu tatu zilizokosa intaneti baada ya mwenyewe kufuta APN na kutokumbuka iliandikwaje.

Nenda Mipangilio, kisha mtandao wa simu, chagua laini, ingia APN. Simu iwe ya Kiswahili au Kiingereza, herufi APN hazibadiliki. Gusa APN ya intaneti na ushuke mpaka kwenye itifaki ya APN. Kuna chaguo tatu: IPv4, IPv6, na IPv4/IPv6. Chagua la tatu. Jina la APN, jina la mtumiaji, nenosiri, MCC (namba ya nchi) ambayo kwa Tanzania ni 640, vyote viache kama vilivyo. Gusa vidoti vitatu, hifadhi. Washa hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, izime.

Visanduku vikiwa vimepauka na havikubali kuandikwa, tengeneza APN mpya kwa kunakili ile ya zamani neno kwa neno, ubadilishe itifaki peke yake. Intaneti ikigoma kurudi, rudisha APN za mwanzo. Menyu ipo kwenye vidoti vilevile. Kwenye iPhone hutapata chaguo hili, itifaki inakuja na mipangilio ya mtandao wenyewe. Sasisha simu, kisha fungua sehemu ya Kuhusu ukae dakika moja uone kama kuna mipangilio mipya inayotaka kuingia.

Usichague IPv6 peke yake kwa kujaribu bahati. Mtandao usipokuwa na mitambo ya kuitafsiri, nusu ya unavyotumia vitakufa. Ukichagua IPv4/IPv6 na mtandao haujawasha IPv6, utapewa IPv4 kama jana, hakuna hasara. Wahandisi wataliona jibu hilo kama sababu namba 50, yaani IPv4 tu ndiyo inayoruhusiwa.

Chini yake kuna itifaki nyingine, ya ukiwa kwenye mtandao wa nje. Kwetu hii si ya kupuuza. Ukienda Manyovu, au ukitelemka ziwani kuelekea Kagunga, simu inaweza kushika mnara wa upande wa pili. Utajua kwa saa kurudi nyuma saa moja, kwa kuwa Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu. Hapo acha IPv4. Mitandao miwili inapokutana, ombi la IPv4/IPv6 linaweza kukataliwa lote na ukabaki mikono mitupu. Na data ya nje izime kabisa kama huihitaji, bando lako la nyumbani halikufuati huko.

Hatua ya 4: Pima

Fungua test-ipv6.com. Ukurasa utakupa alama kati ya 10. Kisha jaribu ipv6.google.com, ambayo hufunguka kwa IPv6 tu, ikigoma, huna.

Usiishie hapo. Pima simu ikiwa 4G, halafu ilazimishe 3G upime tena, kwa sababu vijiji vingi vya Uvinza na Kibondo bado utajikuta unashushwa. Piga simu ya WhatsApp. Fungua programu ya benki. Kama ofisi yenu ina VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi, hapo kaza macho: VPN ya zamani inayojua IPv4 pekee huacha IPv6 ipite pembeni bila kufichwa, na mtu anaamini amefunika kila kitu.

Mteja akikuuliza kama intaneti itakuwa na kasi zaidi, usimwahidi. Mnara uliojaa umejaa tu, uwe na anwani gani. Bando je? Kichwa cha pakiti ya IPv6 ni baiti 40, cha IPv4 ni 20. Kwenye pakiti ya baiti 1,400 tofauti hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Video moja ya status iliyojifungua yenyewe inakula zaidi.

Na kurasa hazitasubiri IPv6 ikiwa mbovu. Vivinjari vya sasa hujaribu IPv6 kwanza, na baada ya takriban robo ya sekunde bila jibu huanza na IPv4 sambamba, inayowahi ndiyo inayotumika. Ndiyo maana unaweza kuwa na IPv6 iliyoharibika mwezi mzima na usijue.

Hatua ya 5: Hotspoti na ruta ya laini

Simu za Android zikipewa /64 huigawa kwa wanaounganisha kupitia hotspoti, kila kompyuta inapata anwani yake kamili. Huna la kufanya.

Ruta ndiyo yenye kazi. Ingia kwenye menyu ya APN yake uchague IPv4v6 (wengine wameandika IPv4&IPv6), halafu upande wa mtandao wa ndani ruhusu IPv6 itangazwe kwa vifaa. Kabla hujatoka kwenye menyu tafuta ngome (firewall) ya IPv6 uhakikishe imewashwa. Zamani S.L.P. ya pamoja ilikuwa inakukinga bila wewe kujua, maana mgeni hakuwa na njia ya kufika. Sasa kila kamera na kila printa ina kibao mlangoni, na kamera yenye nenosiri la kiwandani ni mlango uliorudishiwa tu.

Jambo jingine: umeme ukikatika ruta ikajiunga upya, fungu linaweza kubadilika, na anwani za kamera zote zikabadilika nalo. Usiandike anwani hizo kwa kalamu ya kudumu ukutani. Nimefanya hivyo.

Na ukiona kwenye anwani ya kifaa ff:fe katikati ya nusu ya pili, kifaa hicho kinatumia namba yake ya kiwandani kujitengenezea anwani, kwa hiyo kinatambulika popote kiendapo. Simu za sasa hutumia anwani za muda zinazobadilikabadilika. Kamera za bei chee mara nyingi hazijafika huko.

Hatua ya 6: Kufikia kamera kutoka mbali

Hapa wengi watanilaumu. IPv6 ikishawaka, mitandao mingi ya simu bado huzuia mgeni kuanza mazungumzo na laini ya mteja, kwa usalama. Jaribu: chukua simu ya mtandao mwingine yenye IPv6, andika kwenye kivinjari anwani ya kamera ndani ya mabano ya mraba, mfano http://[2001:db8::25]:8080. Ikifunguka, furahi kidogo kisha uogope, kwa sababu imefunguka kwa dunia nzima. Ruhusu kwenye ngome anwani unazozijua tu.

Isipofunguka, fanya nilichomfanyia mzee. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani, ya IPv4 na ya IPv6, nikaweka WireGuard, programu ya VPN. Ruta ya ghalani ndiyo inayoanza kuipigia seva, na simu ya mzee nayo inaipigia seva hiyohiyo, wanakutana hapo. Kitu kimoja usikisahau: weka salamu ya kudumu ya sekunde 25. Kila baada ya sekunde hizo ruta hutuma pakiti tupu. Bila hiyo, mwalimu mkuu hufuta mstari wako daftarini akidhani umelala, na kamera inapotea mpaka ruta itume kitu tena. Kwangu ilikuwa inapotea kila zikipita dakika chache, nikadhani ni jua linachemsha ruta.

Hatua ya 7: Tovuti na programu yako

Kama una tovuti ya shule, ya chama cha ushirika cha tumbaku Urambo, ya chochote, weka kwenye DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani, rekodi ya AAAA (ya IPv6) karibu na ile ya A (ya IPv4), na hakikisha seva inasikiliza pande zote mbili. Rekodi ikiwepo na seva haisikilizi, umewachelewesha wageni wote wenye IPv6.

Kwenye msimbo, ondoa anwani za namba zilizoandikwa moja kwa moja, tumia jina la kikoa. Apple tangu tarehe 1 Juni 2016 inakataa programu isiyofanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 tupu, na kosa linalowakamata wengi ni hilo. Kwenye hifadhidata, safu ya anwani yenye herufi 15 inakata IPv6 katikati, ipe 45. Na kama unazuia wasumbufu kwa anwani, zuia /64 nzima, kwa sababu mwenye laini anaweza kubadili anwani kila dakika maisha yake yote.

Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni la ngome ya seva. Fundi amezoea kuziba ICMP, ujumbe ambao vifaa vya mtandao hupeana taarifa, kwenye IPv4, anaziba na ICMPv6. Kwenye IPv6 vifaa vya njiani havikati pakiti kubwa. Hutuma taarifa ya ICMPv6 kwa mtumaji kwamba apunguze. Ukiiziba, dalili yake ni ya kukutia wazimu: ukurasa wa kuingia unafunguka, jina na nenosiri vinakubaliwa, halafu orodha ya wanafunzi inazunguka bila mwisho, kwa kuwa ndiyo kubwa. Mtu anaongeza bando, anabadili simu. Fungua ICMPv6. Ukikwama kabisa, shusha ukubwa wa pakiti za seva mpaka 1,280, kipimo ambacho kila njia ya IPv6 lazima ikibebe.

Hatua ya 8: Kwa wahandisi wa mtandao wenyewe

Kuendesha IPv4 na IPv6 pamoja ni daraja zuri, lakini hakukupunguzii njaa ya IPv4, kwa sababu kila laini bado inataka zote mbili. Kinachopunguza ni kumpa mteja IPv6 tupu na kuweka wakalimani. Mmoja anakaa kwenye mtandao, NAT64, akitafsiri anwani zenye kiambishi 64:ff9b:: kwenda IPv4, akisaidiwa na DNS64, inayoipa tovuti ya IPv4 anwani yenye kiambishi hicho. Wa pili anakaa ndani ya simu, kwa ajili ya programu zinazong'ang'ania IPv4, kama bibi wa Kasulu asiyetaka kusikia lolote ila Kiha. Mpango huu unaitwa 464XLAT, uliandikwa rasmi mwaka 2013, na Android inao tangu toleo la 4.3 la mwaka huohuo. T-Mobile ya Marekani imejenga juu yake.

Mpangilio wa kazi: uti wa mgongo na DNS kwanza, kisha lango la data, kisha ruhusa ya laini kwenye HSS (hifadhidata ya wateja), kisha laini za wafanyakazi wenyewe kwa wiki kadhaa. Kumbukumbu za nani alitumia anwani gani na bili zipimwe kabla mteja wa kwanza hajaguswa. Wapeni na dawati la huduma kwa wateja karatasi moja ya maelezo, maana huko ndiko mambo hukwama.

Hatua ya 9: Kuomba kwenye mtandao wako

Kama vipimo vyote vya hatua ya 4 vimegoma, usipige simu kusema "intaneti haifanyi kazi", utaambiwa uzime simu uwashe. Andika ujumbe, ueleze hivi: "Naomba kujua kama laini yangu imeruhusiwa aina ya PDP IPv4v6 kwenye APN ya intaneti. Simu yangu inaiunga mkono, APN nimeiweka IPv4/IPv6, lakini napewa IPv4 tu." Taja aina ya simu, mtaa ulipo, na kama ulikuwa 3G au 4G. Omba namba ya kumbukumbu, na uombe lipelekwe kwa wahandisi wa data. Mimi nilijibiwa siku ya nne, na mara ya kwanza bado niliambiwa nizime simu niwashe.